Jogoo wa Glovu, Miwani ya Theluji

Mtoto mwenye malaria kali hafiki hospitalini na mishipa ya kuonekana. Ametapika usiku kucha, hajanyonya, homa imemkausha, na mwili wenyewe umeshaipunguza damu mikononi na miguuni ili uitunze moyoni na kichwani. Ukimgusa, kifua kinachoma lakini viganja vimepoa. Hapo ndipo nesi wa wodi ya watoto anapotakiwa kuingiza mrija mwembamba wa plastiki ndani ya mshipa asiouona, katika kijikono kinachoenea chote ndani ya kiganja chake, cha mtu asiyeelewa kwa nini anaumizwa, mbele ya mama ambaye naye hajalala. Akiukosa, dawa inachelewa. Akiupata, hakuna anayempigia makofi. Anakusanya takataka zake, anaandika saa kwenye faili, anahamia kitanda kinachofuata.

Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu hapa, taratibu, kwa sababu imesifiwa kidogo mno. Daktari hutajwa, dawa hutajwa, mashine mpya hukatiwa utepe. Mkono uliopata mshipa wa mtoto mchanga saa tisa za usiku hautajwi popote. Nesi nitakayemweleza si mtu mmoja wala hana jina; nimemkusanya kutokana na namna wauguzi wazoefu wa wodi za watoto wanavyofanya kazi.

Kahama inamhitaji sana. Mji uko njiani kwa malori yaendayo Rwanda na Burundi, bandari kavu ya Isaka ikiwa jirani. Kuna majaruba ya mpunga yanayolala ndani ya maji msimu mzima. Kuna maduara ya wachimbaji wadogo, kuanzia Kakola hadi upande wa Geita, ambayo yakishaachwa hujaa maji ya mvua, na mbu hana habari kama maji ni ya mpunga au ya dhahabu. Mgodi wa Buzwagi ulifungwa mwaka 2021, mbu hawakufunga. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta malaria kwa asilimia 8.1 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini. Mkoani Shinyanga ilikuwa asilimia 16, yaani karibu mara mbili. Wengi wao hupona kwa dawa ya mseto, nyumbani kwao, bila kulazwa. Wale wa degedege, wale wanaotapika kila wanachomeza, wale ambao damu imewaishia hadi ndani ya kope pakawa peupe, ndio wanaohitaji mshipa.

Wazazi wa leo, walipougua malaria kali utotoni, walitibiwa kwa kwinini. Wanaikumbuka: dripu ya muda wa saa nne, kisha nyingine baada ya saa kadhaa, masikio yakivuma kama redio isiyoshika stesheni. Au sindano ya takoni ambayo, ikichomwa pasipo pake, iliweza kujeruhi neva na kumwacha mtoto akichechemea. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vituo 11 vya nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa artesuneti, asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza watoto nao wapewe artesuneti. Dawa hiyo huja ikiwa unga ndani ya kichupa. Nesi huiyeyusha, huizimua, na anatakiwa kuitumia ndani ya saa moja. Huingia mshipani kwa dakika chache tu: mtoto anapopokelewa, baada ya saa 12, na baada ya saa 24.

Dozi tatu, basi, na mshipa mmoja uliopatikana vizuri unazibeba zote. Hapo ndipo ustadi unapoanza kuonekana. Nesi mwenye mkono mzuri humpunguzia mtoto maumivu kabla hata hajafungua kinywa kumbembeleza, kwa sababu anamchoma mara moja pale ambapo mwingine angemchoma mara tano.

Kazi huanza mezani, mbali kidogo na macho ya mtoto. Kanula inachaguliwa kwa rangi: ya njano, namba 24, kwa wachanga na wadogo, ya bluu, namba 22, kwa waliokwisha kua kidogo. Plasta inakatwa vipande vitatu, vinabandikwa ukingoni mwa trei vikining'inia. Bomba la sindano limeshavutwa maji ya chumvi. Vichupa vya kuchukulia damu vimepangwa. Kipande cha boksi la dawa kimekatwa kwa kipimo cha kigasha cha mtoto na kuviringishiwa bandeji. Ukitaka kumjua mgeni wa kazi hii, usimtazame anapochoma. Mtazame sekunde kumi baadaye, damu imeshatokea, mkono mmoja umeshika kanula, mwingine umeshika mtoto, naye anaomba plasta kwa kichwa. Mzoefu hana la kuomba.

Halafu mpira wa kufungia mkono. Ule wa watu wazima ni mpana mno kwa mtoto, kwa hiyo nesi hukata ukanda kutoka kwenye glovu, au humwomba msaidizi akizingie kigasha kwa vidole vyake na kukibana kiasi. Kiasi, kwa sababu ukibana sana unazuia hata damu inayoingia, na mshipa unabaki mtupu.

Sasa kidole. Macho yanadanganya: vile vimstari vinavyoonekana juujuu mara nyingi ni vyembamba, vinapasuka kwa kuguswa. Mshipa unaofaa kwa kawaida hauonekani, hasa kwenye ngozi yetu na hasa kwa mtoto mnene, unagusika. Nesi huweka ncha ya kidole cha shahada nyuma ya kiganja, penye mwanya wa kidole cha pete na cha mwisho, anabonyeza kidogo na kuachia. Mshipa hurudi juu. Ukano haurudi, ni mgumu tangu mwanzo. Mshipa unaodunda si wake, huo unatoka moyoni, anauacha. Asipopata hapo, anashuka mguuni, mbele kidogo ya kifundo cha ndani, ambapo kuna mshipa uliolala mahali palepale karibu kwa kila binadamu, hata usipouona. Wapo wanaowasha tochi ya simu na kuiweka chini ya kiganja cha mtoto mchanga: mkono wote unawaka wekundu na mshipa unajichora kama mstari mweusi. Wapo wanaotanguliza kitambaa cha maji ya uvuguvugu, wakasubiri dakika mbili tatu. Na wapo wanaokwenda kichwani, penye mishipa mizuri kwa watoto wachanga, lakini hapo kazi ya kwanza ni kwa mama, ambaye akiona wembe unanyoa upande wa kichwa cha mwanawe huhisi amefika mwisho. "Mayu," yaani mama, nesi humwambia, "hapa ni kwenye ngozi tu. Ubongo uko mbali, una mfupa juu yake." Huyo mama ataambiwa mara mbili, na nesi mzuri hachoki kuisema mara ya pili.

Spiriti ikishapakwa, huachwa ikauke. Nusu dakika hiyo inaonekana ni ya kupoteza, na ndiyo inayorukwa zaidi. Lakini sindano ikipita kwenye spiriti mbichi huingia nayo ndani, na mtoto anaungua juu ya kuchomwa.

Ngozi inavutwa kwa dole gumba ili mshipa usikimbie. Sindano inaingia ikiwa imelala. Kisha nesi anasubiri, na kwangu mimi hapo ndipo penye kilele cha ufundi wote huu. Kwa mtu mzima damu hurukia kwenye kanula mara moja. Kwa mtoto aliyekauka huja polepole, na asiye na subira hudhani amekosa, anasukuma, anatokea upande wa pili, mshipa unavimba na kuwa bluu. Mzoefu anasimama. Tone jekundu linachungulia. Hapo anailaza sindano zaidi, anasogea milimita moja au mbili ili plastiki nayo iwe imeingia, kisha anatelezesha plastiki peke yake, chuma kikibaki pale kilipo. Kabla ya kufunga, anachukua kwa tundu hilohilo damu ya kupima wingi wa damu, ya sukari, ya kulinganisha kama mtoto ataongezewa. Tundu moja kwa shida nne. Plasta, boksi, bandeji, maji ya chumvi kuhakikisha njia iko wazi. Imekwisha.

Mtu akiandika habari za Kahama hushawishika kulinganisha kutafuta mshipa na kutafuta dhahabu. Sitalinganisha. Mwamba haulii, wala haukutazami usoni.

Kuna jambo moja zaidi la mkono kabla sijaenda kwenye kinywa. Mara nyingi kanuni ya wodi za watoto ni kwamba ukichoma mara mbili ukakosa, unamwita mwenzako. Nesi mwenye miaka ishirini kazini akisema "njoo unisaidie" kwa kijana aliyemaliza chuo mwaka jana, pengine kijana huyo ana macho mapya na mkono usiochoka, na pengine anaupata. Kama hali ni ya kufa na kupona na mishipa yote imejificha, ipo sindano ya kwenye mfupa wa muundi, chini ya goti, ambayo hupitisha dawa na maji kama mshipa. Fundi anayejua kuacha ni fundi zaidi ya yule anayeng'ang'ania kwa ajili ya jina lake.

Sasa kinywa, na macho, na mapaja ya mama.

Si zamani sana madaktari wa nchi zilizoendelea waliamini kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu kama sisi, au akisikia hakumbuki. Watoto njiti walifanyiwa upasuaji wakiwa na dawa ya usingizi haba. Mwaka 1987 daktari Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford walichapisha utafiti uliovunja imani hiyo: waliopewa dawa ya kutosha ya maumivu wakati wa upasuaji walitetereka kidogo na kupona vizuri kuliko wasiopewa. Bibi zetu hawakuhitaji utafiti kulijua hilo, ila ni haki kusema kwamba wodi nyingi zilihitaji.

Tangu hapo mambo mengi madogo yamepimwa na kukutwa kweli. Shirika la Afya Duniani liliyaweka pamoja mwaka 2015, katika mwongozo wake wa kupunguza maumivu ya chanjo, na karibu yote hayana gharama. Mtoto anyonye wakati anachomwa, si baada ya kuchomwa. Mtoto mkubwa kidogo akae, asilazwe chali na kukandamizwa, kwa sababu kulazwa kwa nguvu kunaogofya kuliko sindano yenyewe. Mama awepo. Nesi asivute bomba nyuma kutafuta damu kabla ya kusukuma chanjo, maana pajani na begani pale panapochomwa chanjo hakuna mshipa mkubwa, na kule kuvuta kunaongeza muda wa sindano kukaa ndani. Zikiwa sindano mbili au tatu, kama ilivyo kliniki ya wiki ya 14, ile inayouma zaidi iwe ya mwisho. Hata mpangilio wa matone una maana: chanjo ya rota ina sukari, na sukari mdomoni hupunguza kilio cha mchanga, kwa hiyo ikitangulia inafanya kazi mbili.

Na maneno. "Haiumi" ni uongo unaotumika mara moja tu. Mtoto wa miaka minne aliyeambiwa haiumi, akaumia, ataanza kulia mlangoni safari ijayo, na safari ya tatu atalia akiona jengo. Nesi mzoefu husema "naanza sasa", au "utasikia kama umefinywa", kisha anahamisha habari. Huchukua glovu, huipuliza, huifunga. Vidole vinasimama kama upanga wa kuku, anachora jicho kwa kalamu, ni jogoo. "Haya baba, jogoo wako huyu ana usingizi, mpulize aamke. Puliza tena. Hajasikia huyu!" Mtoto anayepuliza hawezi kubana pumzi. Asiyebana pumzi hakazi mkono, na mkono usiokazwa hauumii sana. Wakati huohuo nesi anamwambia mama, kwa sauti nyingine kabisa, "Mama, mpakate vizuri, mtazame yeye, usinitazame mimi." Maana mtoto husoma uso wa mama kabla ya kusoma sindano. Anampa pia uchaguzi mdogo ambao ni wa kweli: mkono huu au ule? Aliyechagua mkono amepata kitu cha kumiliki katika siku ambayo kila kitu kimeamuliwa na watu wengine.

Jogoo huyo wa glovu ana ndugu yake wa gharama kubwa ng'ambo.

Wazo la miwani ya uhalisia pepe kwa wagonjwa lilitokana na maumivu makubwa kuliko ya sindano. Katika hospitali ya Harborview mjini Seattle, Marekani, watu walioungua moto walikuwa wakibadilishwa bandeji kila siku, na mofini haikutosha. Wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, Hunter Hoffman na David Patterson, waliwavalisha wagonjwa miwani inayofunika macho yote mawili. Kila jicho linaona picha iliyo tofauti kidogo na ya jicho jingine, na picha hugeuka kichwa kinapogeuka, kiasi kwamba ubongo unakubali kwamba umehama. Mwaka 2000 waliandika habari za vijana wawili walioungua vibaya, waliosema maumivu yalipungua zaidi ndani ya miwani kuliko walipocheza mchezo wa kawaida wa video. Baadaye ukatengenezwa ulimwengu wa theluji, uitwao SnowWorld: mgonjwa anaelea katika bonde la barafu akiwarushia ngwini na sanamu za theluji mabonge ya theluji. Aliyeungua anapelekwa kwenye baridi. Sijui kama ungeweza kubuni jambo la upole zaidi kwa kompyuta.

Mwaka 2004 Hoffman na wenzake walipiga picha bongo za watu wanane wazima wakichokozwa kwa joto mguuni. Ndani ya miwani, sehemu tano za ubongo zinazohusika na maumivu zilitulia. Maelezo yenyewe si mageni. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba maumivu hayapandi ubongoni moja kwa moja kama maji bombani. Kuna lango kwenye uti wa mgongo, na ubongo wenyewe una uwezo wa kulirudisha nusu. Umakini wa binadamu una kipimo chake. Uliotumika kumwamsha jogoo haupo tena wa kuisikilizia sindano.

Kwa upande wa sindano hasa, hospitali ya watoto ya Los Angeles ilifanya utafiti kwa watu 143 wa umri wa miaka 10 hadi 21 waliokwenda kutolewa damu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Waliovaa miwani waliripoti maumivu na hofu kidogo kuliko waliohudumiwa kawaida. Lakini mapitio makubwa ya mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 17 zenye watoto 1,008 wa umri wa miaka 4 hadi 18, yalisema ushahidi wote bado ni wa uhakika mdogo. Inaelekea kusaidia. Kiwango cha kuapia bado.

Mfano ulionigeuza mawazo umetoka Brazil. Maabara za Hermes Pardini zilitengenezewa hadithi fupi ya miwani kwa watoto wanaokwenda kuchanjwa. Mtoto ni shujaa anayepewa kinga ya kulinda himaya. Nesi anaitazama hadithi hiyohiyo kwenye skrini pembeni. Wakati wa hadithi kuleta ubaridi, anapaka spiriti. Wakati wa hadithi kuleta moto begani, anachoma. Mtoto anausikia mchomo lakini tayari una jina na sababu. Tazama, basi, nani anafanya kazi hapo. Nesi akichelewa sekunde tano, moto wa hadithi umepita na sindano imebaki sindano. Miwani haina mkono. Tangu niijue hadithi hiyo nimeacha kuishangaa miwani, nimerudi kumtazama nesi, ambaye Brazil amepewa mwandishi wa hadithi na mchoraji wa katuni, na Kahama anayafanya yote mwenyewe kwa glovu na kalamu.

Sisemi hivyo ili kuipuuza miwani. Najua mtoto ambaye ingemfaa sana hapa, na si mtoto wa malaria. Mtoto wa miezi tisa havai miwani, wala wa degedege, wala anayetapika. Ingemfaa mtoto wa miaka kumi mwenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo, wapatao 11,000 kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ina sehemu kubwa ya mzigo huo. Mtoto huyo huchomwa tangu utoto: kupimwa damu, kuongezewa damu, kuwekewa dripu mifupa inapokamatwa na maumivu. Mishipa yake imeshapata makovu. Anamjua kila nesi kwa jina na anajua yupi ana mkono mwepesi. Ukimletea jogoo wa glovu atakutazama kwa huruma. Mtoto wa aina hii, mwenye akili timamu, mwenye historia ndefu ya sindano, na mwenye sindano nyingine nyingi mbele yake, ndiye ambaye bonde la barafu lingemstahili.

Wangefaidi pia wasichana wa shule. Aprili 2024 Tanzania ilihamia dozi moja ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na chanjo ilitolewa mashuleni. Anayejua foleni ya chanjo shuleni anajua mmoja akianguka, watano nyuma yake wanapepesuka. Lakini huko dawa ni nafuu kuliko miwani: wachanjwe wakiwa wamekaa, nyuma ya pazia au katika chumba cha pembeni, wasionane, kisha wapumzike dakika kumi na tano kabla ya kurudi darasani. Kupanga foleni nako ni ufundi.

Miwani ina shida zake za nyumbani. Sponji inayogusa uso wa mtoto mmoja itagusa uso wa mwingine, na wodi zetu zina macho mekundu na mapunye. Betri inataka kuchajiwa, na mtu wa kukumbuka kuichaji. Tena nina wasiwasi wa kudumu na vifaa vinavyokuja kwa hotuba: hupigwa picha Jumatatu, Ijumaa viko ndani ya kabati, na mwenye ufunguo yuko likizo. Simu ya mama mwenyewe, kwa kulinganisha, tayari iko wodini, na ndani yake kuna katuni za Kiswahili kama Ubongo Kids, zilizotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kuonyeshwa mwaka 2014. Haizibi macho yote na haigeuki na kichwa, lakini mtoto wa miaka mitano aliyezama kwenye wimbo wa hesabu ameshatoka nusu wodini. Nesi anayemwambia mama "fungua ile katuni yake, mshikie karibu" amekwishajua alichokijua Hoffman.

Kama kuna fedha kidogo za kutumia, hukumu yangu ni hii. Kwanza kanula za njano zisiishe, maana nesi bora duniani akipewa ya bluu kwa mchanga atachoma mara mbili. Pili, awepo mtu wa pili wa kushika, ili mama aachwe kuwa mama. Tatu, krimu ya ganzi ya ngozi kwa watoto wa selimundu wanaokuja kwa miadi. Inahitaji kukaa kama saa moja kabla ya sindano, na wao saa hiyo wanayo kwenye benchi. Baada ya hapo miwani ije, hata kesho, na ikabidhiwe kwa nesi mwenye mkono mwepesi, si kwa mkuu wa kabati.

Kwa mzazi anayesoma haya nina ombi, na linaanzia nyumbani, si hospitalini. Acha kumtishia mtoto kwa sindano. "Usipokula nitamwita daktari akuchome" ni sentensi inayosemwa Majengo, inasemwa Nyihogo, inasemwa kila kata, na nesi ndiye anayeilipa usiku mtoto anapoletwa na homa akipiga mateke. Siku ya kliniki, mwambie mtoto kweli asubuhi hiyohiyo: tunakwenda, utachomwa, nitakuwa nimekupakata. Mchanga wako mwombee nafasi ya kunyonya wakati anachomwa. Ukiambiwa usubiri nje, uliza kwa heshima kama unaweza kubaki. Na mshipa ukipatikana, sema asante kwa nesi kabla hajahamia kitanda kinachofuata.